Chumba cha Nyuzi Ishirini na Mbili

Bishkek, 23 Novemba 1996
Mbingu: mawingu mepesi, upepo hakuna.

Baba yangu Kalybek,

Jumash dereva atakukabidhi barua hii mkononi. Keti kwanza, maana najua husomi barua ukiwa umesimama. Nimeandika hali ya mbingu hapo juu kama ulivyonifundisha, usije ukasema uzazi umenitoa akili.

Baba, una mjukuu. Ni msichana. Amezaliwa tarehe ishirini, miezi miwili kabla ya wakati wake, njiti kweli kweli: unyayo wake haujafika urefu wa kidole gumba changu. Wamemweka kwenye kisanduku cha joto, na mimi naruhusiwa kumtazama kupitia kioo na kuingiza mkono mmoja tu. Uzito wake sikwambii. Siku arobaini hazijaisha, na najua wewe na miko yako ya kutomzungumzia mtoto mchanga hutauliza.

Daktari wake ni mama mmoja mkali. Aliniuliza ninaishi wapi, nikamwambia Naryn, ghorofa ya nne, nyumba ya paneli za zege. Akaweka kalamu chini. Akasema mtoto huyu haendi Naryn katikati ya baridi mpaka ahakikishiwe mambo mawili: chumba kisishuke chini ya nyuzi ishirini na mbili, na hewa isiwe kavu, unyevu ufike nusu au zaidi. Mapafu yake bado mabichi, hewa baridi itayafunga na hewa kavu itayakwangua. Nikamwambia baba yangu amepima hewa ya Naryn kwa miaka thelathini na moja, na hajawahi kuandika namba isiyo na mkia. Kama ni 21.4 huandika 21.4, hata mkuu wa kituo cha hali ya hewa amsimamie kichwani. Akacheka kidogo. Akasema basi huyo baba aandike kila wiki, na akisema chumba kiko tayari, siku ya arobaini mtaondoka.

Kwa hiyo kazi ni yako, Baba. Mume wangu Erkin tangu aende Siberia mwezi wa nane hajaniandikia hata mstari, na mwingine sina. Boila la mtaa la kupasha mabomba moto linawaka mwaka huu? Niambie ukweli.

Jina la mtoto nimekuachia wewe. Hapa wanamwita tu wa kisanduku cha tatu.

Binti yako,
Zuura


Naryn, 29 Novemba 1996
Nje saa moja asubuhi: -19.6. Mbingu safi.

Zuura mwanangu,

Nimeketi, nimesoma, nimesimama, nimeketi tena. Mama yako angekuwepo angeshachinja kondoo ambaye hatuna.

Jina ninalo. Simwambii mtu. Nitamnong'oneza mwenyewe sikioni akishavuka kizingiti, wengine mtasikia kwake.

Sasa kazi. Madirisha yote nimeyaziba. Nimekata karatasi vipande virefu, nikavipaka sabuni ya kufulia iliyolowa, nikavibandika kwenye kila ufa wa fremu. Katikati ya vioo viwili nimelaza pamba, na juu ya pamba kisahani cha chumvi kinywe unyevu, vioo visigande. Kidirisha cha juu sikukiziba. Lile zulia la manyoya la mama yako nimelipigilia kwenye ukuta wa kaskazini, ambao unavuta baridi tangu siku nyumba hii ilipojengwa. Mlangoni nimetundika blanketi. Panya akitaka kuingia humu itabidi aandike maombi.

Unyevu ndio mgumu. Ukiongeza joto, hewa inakauka. Ukiongeza maji, ukuta unatoka jasho. Nimepanga sufuria tatu za maji na kutundika shuka mbichi juu ya kamba. Batma wa chini alipanda kuazima chumvi, akasimama katikati ya shuka, akaniuliza kama siku hizi nafuga samaki. Nikamwambia nafuga hewa.

Vile vipimajoto viwili vya kituoni ninavyo bado. Kile chenye shashi ya maji nimekitundika karibu na kikavu, pale ambapo susu, kitanda cha mtoto, itakaa. Mwambie daktari wako: kikavu 22, cha maji 16. Atafute kwenye jedwali, ataona ni zaidi ya nusu.

Boila linawaka. Mabomba huwezi kuyashika kwa mkono.

Mengine siulizi.

Baba yako,
Kalybek


Bishkek, 5 Desemba 1996
Mbingu: theluji nyepesi tangu alfajiri, inayeyuka ikigusa chini.

Baba,

Barua yako nimemsomea daktari. Aliitafuta ile namba kwenye jedwali kweli, akakuta asilimia hamsini na saba, akaniambia nina baba wa maana. Nikamwambia hilo nalijua, anataka uangalizi tu.

Sisemi mengi, siku bado. Ila jana nilipoingiza mkono alinishika kidole na hakutaka kukiachia, nesi akanigombeza kwamba nimepitisha muda. Nikamwambia agombezwe mwenye kunishika.

Nikitoka hapa nitalala siku tatu kwenye hicho chumba chako bila soksi. Unakumbuka nilipokuwa mdogo nilikuwa nalala na kofia? Mama alikuwa anasema Zuura anasubiri treni.

Usijichoshe. Kama mabomba yanaunguza, sufuria mbili zinatosha.

Binti yako,
Zuura


Bishkek, 12 Desemba 1996

Dada Batma,

Barua hii ni yako peke yako. Nimemwambia Jumash akupe ukiwa ndani kwako na Baba asiione. Isome kisha ichome.

Mtoto amefariki jana asubuhi. Alikuwa na siku ishirini na moja. Usiku wa juzi alianza kusahau kupumua, wakawa wanamgusa unyayo anakumbuka, anasahau, wanamgusa tena. Saa mbili asubuhi hakukumbuka tena. Hakuna aliyekosea, Dada. Yule daktari mkali alilia kuliko mimi. Mimi bado sijaweza.

Tumemzika jioni ileile, mimi, nesi mmoja na shehe. Shehe akaniuliza jina lake nani. Nikasema jina analo babu yake, yuko Naryn. Akaniangalia akidhani homa imenipanda. Basi kwenye kibao wameandika Mjukuu wa Kalybek, na tarehe zake mbili, ya kuzaliwa na ya kufa.

Sasa nakuomba kitu kikubwa. Usimwambie Baba. Wewe ulimwona mwaka jana Mama alipofariki. Miezi miwili alilala ameelekeza uso ukutani, tulikuwa tunamlisha supu kwa kijiko, na vipimajoto vyake hakuvitazama hata mara moja, yeye ambaye siku ya harusi yangu alitoka katikati ya nyimbo kwenda kusoma namba ya saa tisa. Ameinuka kwa ajili ya mtoto huyu. Akijua leo, katikati ya Desemba, atalala tena, na safari hii sipo wa kushika kijiko.

Nitamwambia mwenyewe majira ya machipuko, ana kwa ana. Mpaka siku arobaini ziishe hataniuliza kitu, miko inanisaidia. Mimi nina homa ya uzazi bado, na hata nikipona siwezi kurudi. Nikishuka kwenye gari mikono mitupu atakuwa ameshajua kabla sijafunga mlango.

Namba zake nimezisoma, nina wasiwasi nazo. Mwangalie. Anakula?

Mdogo wako,
Zuura


Naryn, 14 Desemba 1996
Nje saa moja asubuhi: -27.3. Ukungu bondeni, juu safi.

Zuura mwanangu,

Wiki hii hujaandika. Nyamaza tu, ndivyo inavyotakiwa. Mama yako alipokuzaa wewe hakumsemesha hata mama yake mzazi mpaka siku arobaini zilipokwisha, na tazama ulivyo mkubwa na mdomo wako.

Chumba: kikavu 22, cha maji 16. Mwambie daktari.

Nimeanza kukusanya vitambaa. Najua ni kazi ya wanawake, lakini mwanamke wa nyumba hii ni marehemu na wewe uko kitandani, nani azunguke? Fulana ya siku arobaini, anayovishwa mtoto miko ikiisha, inataka viraka arobaini kutoka nyumba arobaini, na tatizo ni kwamba nyumba zenyewe zimekwisha. Jengo letu lina milango sitini, wenye watu nyuma yake ni ishirini na tatu. Wengine wote wamehama, Wajerumani kwao, Warusi kwao, Wakirgizi milimani kwa kondoo zao. Nimegonga milango mingine kwa mazoea tu. Sasa nimevuka barabara, nimeingia jengo la walimu na lile la posta. Watu wamenipa vizuri. Mwalimu mmoja mzee alikata kwenye pazia lake, nikamwambia mama, baridi itaingia, akasema ameshazoea kuitazama.

Nimefika ishirini na sita. Haba na haba. Kushona sijui, lakini nimeshona mifuko ya ala za kituo miaka mingi, na mtoto mchanga hana kona nyingi.

Jumash nimemuuliza kama gari lake lina joto siku hizi. Ameapa. Hata hivyo siku hiyo nitakuja kituo cha magari na tofali la moto ndani ya manyoya, ulishikilie miguuni kwake mpaka nyumbani.

Baba yako,
Kalybek


Naryn, 18 Desemba 1996

Zuura,

Mimi si mtu wa kuandika, unanijua, nimeacha shule darasa la sita nikaingia kwenye kiwanda cha sufu. Utasoma hivyohivyo.

Barua yako niliisoma nikaitia jikoni. Nililia mpaka uji ukaungua. Pole mdogo wangu. Pole sana. Hakuna neno lingine, nimelitafuta.

Sasa na mimi nikwambie yangu, maana mnanifanya niwe kabati la siri za watu wawili. Boila la mtaa halijawaka tangu tarehe ishirini na tano Novemba. Mabomba ya ghorofa ya pili yamepasuka, barafu imeshuka ngazini kama nta ya mshumaa. Baba yako ana jiko la bati sebuleni, bomba lake amelitoa nje kwenye kile kidirisha cha juu. Makaa ya mawe hana. Amechoma mlango wa bafu. Amebandua mbao za sakafu ya chumba cha mama yako, amechoma. Sasa anachoma yale madaftari yake ya hali ya hewa, mwaka mmoja kila siku. Juzi nilimkuta ameshika moja anasoma kabla ya kulitia. Akaniambia huu ni mwaka sitini na tisa, Batma, ulikuwa na baridi mbaya, ona hata kuwaka hauwaki.

Na kile chumba hakijafika ishirini na mbili hata siku moja. Nimesoma mwenyewe, anafikiri sijui kusoma. Kumi na tatu. Na maji anachemsha tangu asubuhi hadi jioni, mvuke unakwenda kwenye ukuta wa kaskazini unaganda, lile zulia la mama yako limeshikana na ukuta, huwezi kulibandua bila nyundo. Anakohoa. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vimekuwa vyeusi kwenye ncha, anavificha kwenye mkono wa koti.

Jana amepanda, hapana, ameshuka kwangu. Amebisha hodi kama mgeni, kofia mkononi.

Akasema, "Batma, nina vitambaa thelathini na tisa. Chako nimekiacha cha mwisho kwa makusudi."

Nikamwambia, "Kwa nini changu? Mimi sina hata tambara la kupangusia meza."

"Kwa sababu mama yake Zuura hayupo. Wewe ndiye utakayempokea mlangoni. Cha mwisho kinakaa kifuani."

Zuura, nilimgeuzia mgongo nikasema natafuta mkasi. Mkasi ulikuwa mezani mbele yetu wote wawili. Nimemkatia kwenye kilemba changu cha harusi, hicho nilichosema nitazikwa nacho. Akakishika, akakipima kwa vidole, akasema kitamtosha. Nikasema ndiyo, kitamtosha. Nimesema uongo mwingi maishani mwangu, sokoni na kwa mume wangu, lakini ule nitaulizwa.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nyie wawili mmefichana, na mimi ndiye naumbuka. Tarehe thelathini anakwenda kituoni na tofali lake. Mwambie kabla ya hapo. La sivyo nitamwambia mimi, na mimi sijui kusema mambo taratibu.

Dada yako,
Batma


Bishkek, 20 Desemba 1996

Baba yangu,

Nina habari njema. Daktari amebadilisha masharti. Amesema mtoto ameshakomaa kuliko alivyotarajia, na sasa nyuzi kumi na mbili au kumi na tatu zinatosha kabisa, tena ni afya, na unyevu usihangaike nao, sufuria moja inatosha. Amesema watoto wa milimani joto jingi huwadhoofisha.

Kwa hiyo tafadhali pumzika. Usichome kitu chochote. Lala na koti, kula nyama, funga mlango wa sebule ukae jikoni kwa Dada Batma, kwake kuna joto la oveni.

Na tarehe thelathini usije kituoni. Njia ya mlimani ya Dolon wanasema itafungwa kwa theluji, huenda tukachelewa sana, hata mpaka machipuko. Usikasirike.

Binti yako,
Zuura


Naryn, 23 Desemba 1996
Nje saa moja asubuhi: -31.8. Mbingu safi, moshi unapanda wima.

Zuura,

Nimesoma barua yako mara tatu na sijaielewa, kwa hiyo naijibu kama nilivyoielewa.

Kumi na tatu? Huyo daktari amelewa, au wamempa mwingine? Mwezi mmoja uliopita ishirini na mbili ndiyo uhai wake, leo kumi na tatu ni afya? Mjukuu wangu si mwanakondoo wa kuachwa zizini. Na nani kakwambia nachoma vitu? Batma ana mdomo kama kidirisha kisichofungika. Nachoma karatasi kuukuu tu. Nilikuwa naziweka nikidhani kuna siku mtu atazitaka. Hakuja mtu. Sasa amekuja.

Nakuelewa mwanangu. Unaniona mzee, unataka kunipunguzia mzigo, ndiyo maana unamsingizia daktari. Wewe umeniambia ishirini na mbili, na mimi nitakupa ishirini na mbili. Kama ni kuchelewa kwa sababu ya Dolon, sawa, milima haina adabu. Lakini nimemuuliza Jumash, anasema njia itafunguliwa tarehe ishirini na nane. Tarehe thelathini niko kituoni.

Fulana imekwisha. Mkono mmoja umekuwa mrefu kuliko mwingine. Mwambie asicheke.

Kikavu 22, cha maji 16.

Baba yako,
Kalybek


Bishkek, 27 Desemba 1996

Baba,

Nimejaribu kuiandika barua hii tangu tarehe kumi na moja. Nimeandika ile ya tarehe ishirini badala yake, na yote ilikuwa uongo.

Mtoto hayupo, Baba. Alifariki tarehe kumi na moja Desemba, saa mbili asubuhi. Mapafu yake hayakuweza. Alikuwa na joto, alikuwa na unyevu, kisanduku kilimpa yote yale ambayo daktari aliyataka kwako, na hayakutosha. Nataka ulijue hilo kuliko kitu kingine chochote. Si baridi iliyomuua, wala si chumba chako.

Amezikwa hapa, upande wa mashariki wa makaburi, chini ya mti mchanga wa mpopla. Kibao hakina jina.

Sikukwambia kwa sababu niliogopa utalala uso ukutani. Nilipojua kwamba unachoma sakafu ya Mama kwa ajili ya mtu ambaye hayupo, nikaogopa zaidi, na kadiri nilivyozidi kuogopa ndivyo nilivyozidi kunyamaza. Wewe ulidhani nashika miko. Nilikuacha udhani. Ulikuwa unazunguka kwenye milango ya watu na kofia mkononi, na mimi huku nilikuwa nimeketi kitandani nahesabu vitambaa pamoja nawe. Sijui nitaomba msamaha kwa njia gani.

Na nilijua kwamba na wewe unanidanganya. Nilijua tangu barua ya kwanza. Nje ulikuwa unaandika -19.6, ndani unaandika 22. Namba zako za ndani hazikuwa na mkia. Nililijua hilo nikaliacha, kwa sababu nilitaka sana hicho chumba kiwepo.

Sina la kurudia Naryn, na hapa sina la kukalia. Wamenipa kazi ya kufagia wodi. Nalala kwenye chumba cha nguo chafu, kuna joto.

Zuura


Naryn, 2 Januari 1997
Nje saa moja asubuhi: -24.7. Mawingu kutoka magharibi.

Zuura mwanangu,

Tarehe thelathini asubuhi chumba kilikuwa 22.1, na kipimajoto cha maji 16.0. Namba hizo zina mkia, zikague. Nilikuwa nimechoma miaka yote iliyobaki kwa mara moja, kuanzia themanini hadi tisini na tano, nikaacha daftari la sabini na moja tu, mwaka uliozaliwa wewe. Kwa saa mbili hivi Naryn nzima haikuwa na chumba kama kile. Batma alipanda akavua kilemba kwa joto. Hakusema kitu, nami nilifikiri amestaajabu.

Nikaenda kituoni. Tofali lilikuwa ndani ya manyoya, fulana ilikuwa kifuani. Jumash alishuka, akazunguka gari, akafungua mlango wa upande wako, ndani hapakuwa na mtu. Akanipa barua. Hakuniangalia usoni. Niliisoma nimesimama.

Nilirudi na tofali. Lilikuwa bado la moto, sikujua niliweke wapi.

Nyumbani nilibandua zile karatasi za sabuni, nikafungua dirisha kubwa lote, nikaketi mbele ya vipimajoto na daftari. Saa sita mchana 22.1. Saa saba 8.6. Saa nane -1.2. Saa tisa maji ya sufuria yalikuwa yameshika barafu na shuka kwenye kamba zimesimama zenyewe, na kipimajoto kilikuwa -7.9. Sikuwa nataka kufa, usiwaze hivyo. Nilitaka kuona namba moja ya kweli ikiandikwa kwa mkono wangu tena. Halafu sikuweza kusimama. Batma alipanda, akanitukana mimi na baba yangu na kituo cha hali ya hewa, akafunga dirisha, akanishusha kwake begani kama gunia. Amenilaza karibu na oveni. Nimemwambia nigeuze nisitazame ukuta. Akanigeuza.

Mwanangu, mimi ni mpima hewa. Barua zako mbili za mwisho hazikuandika hali ya mbingu. Niliona tangu ya tarehe ishirini. Kipimo kilikuwa kimeshuka mbele ya macho yangu, na mimi nikasema kipimo kibovu, miko, arobaini, uchovu wa uzazi. Kwa hiyo usiombe msamaha peke yako. Nilidanganya namba kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, na nilimdanganyia mtoto. Nilidhani nikiandika ishirini na mbili mara nyingi vya kutosha, ukuta utaona aibu.

Fulana bado iko kifuani mwangu. Nimemuuliza Batma desturi inasemaje kuhusu fulana isiyopata mwenyewe. Naye hajui. Hakuna aliyewahi kutuambia.

Jina lake ni Sonun. Ni jina la mama yangu. Mwambie yule shehe aliandike kwenye kibao, na kabla hajaandika, uende wewe kaburini umnong'oneze mtoto, maana mimi nilimwahidi atasikia wa kwanza.

Halafu uje. Usilale kwenye nguo chafu za watu. Jana nimepanda juu kwa msaada wa ngazi na matusi ya Batma, nimeziba tena dirisha kwa sabuni, nimewasha jiko kwa mbao za susu. Chumba leo kina 9.3, cha maji 5.8. Hakifai kwa mtoto wala kwa mtu mzima, na zaidi ya hapo siwezi kukupa. Njoo na kofia yako.

Baba yako,
Kalybek